Kamati ya Kuthibitisha Upweke wa Mtafiti

Nina heshima ya kuutangazia umma wa wasomi wa Suva kwamba katika shahada ya uzamili ya kompyuta chuoni kwetu, sasa hakuna mwanafunzi anayesaidiwa na mtu yeyote. Mimi ni katibu wa kamati iliyoyafanikisha haya, chini ya mwenyekiti wetu, Profesa Isoa Ratulevu.

Kesi ngumu ilikuwa ya Vasiti Naulivou, mtumishi wa ofisi ya hali ya hewa aliyepewa likizo ya masomo. Mradi wake ulikuwa programu ya kusoma ujumbe wa simu unaotoka visiwani baada ya kimbunga, ili ijulikane kijiji gani kipelekewe maji kwanza. Alitaka kumaliza kabla ya Novemba, vimbunga vinapoanza. Kamati haikuona sababu ya kuharakishwa na upepo.

Tasnifu yake ilikuwa na kasoro kwenye ukurasa wa kwanza: aliwashukuru akina mama arobaini na watatu wa kisiwani kwao, waliompa ujumbe wao na kumfafanulia lahaja yao. Profesa akamweleza kwa upole kwamba huo ni umati, na mradi ni wa mtu binafsi. Vasiti akafuta shukrani. Kikao kilichofuata tukamdai saini za ridhaa za akina mama hao hao. Akauliza watu waliokwisha kufutwa watatia saini vipi. Nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mwanafunzi hana ushirikiano.

Kisha tukamwelekeza. Profesa alimbadilishia jina la mradi mara tatu. Naibu wake, Dakta Gounder, aliitoa sura ya nne na kuandika yake. Mimi nilichangia mchoro wenye mishale. Miezi miwili ikapita, na Vasiti akakonda.

Oktoba, Bibi Ulamila, kiongozi wa akina mama, alishuka kwenye meli na wenzake watano, wakatandika mkeka nje ya ofisi yetu. Profesa alipowauliza shida yao, Bibi Ulamila hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mwaka ule wa kimbunga tulikaa siku tisa bila maji. Mkishamaliza kuchagua jina, mtuambie."

Profesa akatoa waraka siku hiyo hiyo: yeyote aliyetia mkono katika mradi huu ni mshiriki, na kila mshiriki atafanya mtihani wa mdomo mbele ya mtahini wa nje. Alidhani akina mama watakunja mkeka.

Hawakukunja. Mtahini, Dakta Sinalei Tuimaseve kutoka Apia, aliwauliza maswali saa nzima. Bibi Ulamila akamweleza neno lao moja ambalo likiandikwa na mzee lina maana kisima kimechafuka, na likiandikwa na kijana lina maana kimekauka. Ndiyo maana programu inauliza umri wa mtuma ujumbe. Mtahini akaandika kurasa mbili.

Ndipo Vasiti akampa mtahini kumbukumbu za vikao vyetu, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Kuna washiriki wengine," alisema. "Jina ni la Profesa, sura ya nne ni ya Dakta Gounder, mchoro ni wa Bwana Katibu."

Mtahini alimwomba Profesa aeleze maana ya jina hilo, *Mfumo Jumuishi wa Mtazamo Mtambuka wa Uwezeshaji*. Profesa aliyasoma maneno yale mara mbili, kama mtu anayesoma barua ya jirani.

"Unajumuisha nini?" aliuliza mtahini.

"Mambo," alisema Profesa.

Kuhusu mishale yangu, niliomba radhi.

Vasiti alifaulu, na programu ilianza kazi wiki moja kabla ya kimbunga cha kwanza. Sisi watatu tulifeli. Waraka unataka mshiriki aliyefeli arudie mradi mzima, na mwenye mamlaka ya kuufuta ni mwenyekiti peke yake. Mwenyekiti naye sasa ni mwanafunzi, hivyo hawezi kuingia kikaoni.

Profesa ameanza na saini za ridhaa za akina mama. Alipanda meli ya Alhamisi kwenda kisiwani na fungu la mizizi ya yaqona, zawadi ambayo kwa desturi ya huko hutolewa na mwenye ombi, akajieleza kwa adabu. Bibi Ulamila alipokea, akamwambia ombi lake litafikishwa kwenye kikao cha akina mama. Hii ni wiki ya tatu. Ameniandikia kwamba mihogo ya huko ni laini, kwamba kikao kimeahirishwa tena, na kwamba kila alfajiri anaamshwa akachote maji.