Kompyuta ya Kukuza Uso wa Mzee Caleb

Jumatatu, 8 Machi 1999
Mama Benta amenikuta studio sijafungua hata dirisha. Ni mjane wa Mzee Caleb wa reli. Akatoa picha ndani ya Biblia: mafundi arobaini mbele ya karakana, mzee wa tatu kutoka kushoto, uso mdogo kama punje ya maharagwe. Mkunjo umempita shavuni. Picha nyingine hana, ziliungua na nyumba yao ya zamani. Jumapili ni ibada ya kumkumbuka. Anataka uso huo mezani mbele ya kanisa, mkubwa, bila mkunjo. Akasema ameanza kumsahau sura. Kisha akatazama nje.

Kwa kamera yangu, nikikuza uso nakuza na mkunjo. Ng'ambo ya barabara, mpiga picha mwenzangu Sylvance ana kompyuta inayofuta mikunjo. Ningemwelekeza huko. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukimwambia asiwe na wasiwasi, kompyuta yangu iko njiani.

Haiko njiani. Haiko popote!

Jumanne, 9 Machi
Nimemwomba Mungu hekima, halafu nikamtuma mke wangu. Mpango: Everline aende kwa Sylvance kama anayetaka picha za pasipoti, achunguze ile kompyuta ni ya namna gani. Alikataa kwanza. Baba Nasambu, akaniambia, mke wa mpiga picha akipigwa picha kwa jirani, mtaa mzima wa Ziwani utajua umekufa.

Akaenda. Amerudi na pasipoti nne nzuri (nzuri mno, nimeudhika) na ripoti: skrini ya inchi kumi na tano, rangi ya maziwa. Basi ni rahisi. Nikipata ya kumi na saba, nimemshinda.

Alhamisi, 11 Machi
Shemeji Khalayi, dada ya Everline, anapiga chapa ofisi za kaunsili na anazijua mashine hizi. Akanionya: shemeji, skrini ni kioo cha kutazamia tu, kazi yote inafanywa na lile sanduku. Uliza kumbukumbu ya sanduku. Kwa barua, megabaiti kumi na sita zinatosha. Picha inakula, usikubali chini ya sitini na nne. Nikaandika 64 kiganjani kwa biro.

Dukani River Road, muuzaji Maingi alikuwa na kompyuta mbili. Ya kwanza ina hizo sitini na nne, lakini skrini ndogo, imekwaruzwa, kama televisheni iliyohamishwa nyumba mara tisa. Ya pili ina kumi na sita. Maingi akaiwasha. Ua jekundu likachanua kwenye kioo, kubwa kama sufuria ya sherehe! Nikatazama kiganja. Nikatazama ua. Nikajiuliza, Khalayi amewahi kusafisha picha ngapi?

Inchi kumi na saba. Asante Bwana.

Ijumaa, 12 Machi
Everline ameivisha kompyuta. Redio yetu ina kitambaa cha kufuma, viti vina vitambaa, hata chupa ya chai ina chake, kompyuta ingekaaje uchi? Cheupe, chenye maua pembeni, kimefunika sanduku lote mpaka chini. Inapendeza kama meza ya Bwana.

Sylvance amesimama mlangoni akashika kichwa. Mzee Dishon, leo umetumaliza, hiyo ni kompyuta ama ni sinema? Nikasikia utamu mpaka miguuni. Nikatubu baadaye, kwa kifupi.

Jumamosi, 13 Machi
Saa kumi na mbili asubuhi nikaipa mashine picha kwa skana, kile kinakilishi alichoniongezea Maingi. Kwenye kioo kikatokea kisaa cha mchanga, alama ya kungoja. Nikafungua Zaburi ya 119, nikaisoma yote, na ndiyo ndefu kuliko zote. Kisaa bado! Uso ulipotokea nikagusa mkunjo, mashine ikaganda. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu sanduku likawa moto kama kikaango cha chapati. Everline akanyakua kitambaa, kimeanza kunuka. Khalayi alipokuja aliuliza swali moja tu, megabaiti ngapi. Nikamjibu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Saa tisa alasiri nikavuka barabara na picha mkononi. Hatua ishirini, na kila moja ilikuwa nzito.

Sylvance akaiona picha. Akavuta kiti. Leta, mzee wangu. Akaufuta mkunjo polepole, kama mtu anayepangusa unga mezani. Kisha akaendea mstari juu ya nyusi, akidhani ni mkunjo mwingine. Nikamshika mkono. Hilo ni kovu, nikamwambia, chuma kilimrukia karakana. Miaka kumi na mitano mzee huyo alikaa benchi la mbele yangu kanisani, akigeuka kunisalimu kovu linatangulia. Sylvance akaliacha. Tukakaa, watu wawili tunamtazama wa tatu. Nikafikiri: yeye ana mashine, mimi namjua mtu. Ingetosha hivyo tangu Jumatatu.

Akauchapa uso mkubwa, akakataa malipo. Akasema niende, mama anangoja.

Jumapili, 14 Machi
Kitu cha kwanza Mama Benta alichogusa ni kovu. Akacheka. Kisha akamwita mumewe kwa jina, taratibu, kama anamwita mezani, na machozi yakafuata.

Mchungaji akanisimamisha, mimi shemasi wake. Makofi. Sylvance alikuwa benchi la nyuma, na si wa kanisa letu. Jina lake likafika kwenye meno. Nikasema: sifa zote ni kwa Mungu.

Ambayo ni kweli. Hakuna awezaye kusema nimedanganya. Lakini Sylvance naye alipiga makofi, na hilo linaniuma.

Jumanne, 16 Machi
Nimeamka nimeamua. Nitavuka barabara na kilo mbili za sukari, nimshukuru, kisha nimtangaze kanisani.

Mlangoni nikakuta wajane watatu kutoka Komarock, na mzee wa Mukuru kwa Reuben mwenye picha ya mama yake ndani ya leso. Wamesikia habari za shemasi mwenye kompyuta kubwa. Nikafungua mdomo niwaonyeshe ng'ambo.

Nimewaahidi kabla ya Pasaka. Wote wanne.

Mchana nimekwenda kwa Maingi kutafuta zile megabaiti. Kwa sasa hana. Lakini ana spika mbili, ndefu, za sauti nzito. Nimezisimamisha kila upande wa skrini. Mtu akileta marehemu wake, angalau angoje akisikia wimbo.