Uzinduzi wa Kliniki ya Watoto wa Vinundu

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, makamu wako, msaidizi wa makamu, waheshimiwa wataalamu mliokaa kivulini, na ninyi akina mama mliosimama juani na watoto wenu wagonjwa, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya kivulini.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu wangu ambao wengi wameusifia, kuzindua kliniki ya ugonjwa huu wa vinundu, wa kurithi, ambapo askari wa damu, yaani chembe nyeupe, kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyosomewa garini, humeza vijidudu vizuri kabisa ila hawawezi kuviua, hivyo mwili huvizungushia ukuta, na kuta hizo ndizo vinundu vya kwenye mapafu, ini na utumbo. Nami naagiza askari hao wapelekwe semina! (Vicheko. Mama mmoja: “Mwanangu anameza dawa, mheshimiwa, hamezi semina!”)

Dawa ipo kwenye mchakato, mama. Utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane, yamebaki mambo madogo ya kiufundi. Halafu wataalamu wanasema mara nyingi ugonjwa hupitia kwa mama, kwa hiyo kimkakati hili ni suala la familia. (“Na mimi niliupata wapi, sokoni?”)

Pia nasikitika kuona hamsogei mbele, ilhali tumewamwagia mboji na majani makavu uwanja mzima msikanyage tope, heshima ambayo hata mimi sijawahi kufanyiwa. (“Ukungu ulioota kwenye majani hayo, wakiuvuta, ndio unaotuulia watoto, baba! Mwanangu ana homa tangu jana. Daktari yuko wapi?”) Yule pale, mwenye koti jeupe. Mfuate, usiogope. (Mama huyo anazunguka kwa nyuma kuyakwepa majani, kamfunika mtoto pua na mdomo.)

Kinga! (“Imara!”) Vinundu! (“Kwaheri!”)

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru shule kwa kutuazima vitanda, mchoraji kwa kutuchorea ukutani madirisha na mlango unaofanana kabisa na mlango, na kinyozi wetu aliyekubali kuvaa koti la daktari hadi picha zipigwe. Zimeshapigwa. Mama, tafadhali mwachie koti, ana mteja kamwacha kanyolewa nusu kichwa.

(Mama haachii. “Basi hata wewe, kaka, mikono si unayo? Mguse.” Kinyozi anaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto. “Anawaka, dada. Mheshimiwa, lete funguo za gari.”)