Kinga Itakayodumu Muhula Mzima

Mheshimiwa Meya, ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye amefika lakini amesinzia, Baba Paroko, Mwenyekiti wa Chama cha Waokota Uyoga, wadau wote wa msitu wa Girelės, na ninyi mliosimama juani kwa kuwa viti ni vya wageni: (makofi machache) mimi, Gintautas Stirbys, Mkurugenzi wa Kinga Misituni, niliyesomea Vilnius na kuhudhuria semina elekezi katika nchi saba, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifia.

Ndugu zangu, kupe ni adui. Unachuma beri zako, anakuuma hujui, na siku si nyingi homa ya ubongo imekulaza chali. Dozi za mwanzo mlichanjwa, sawa. Lakini je, kinga hiyo hudumu muda gani kabla ya nyongeza? Daktari wa mjini anasema nyongeza ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila mitano, na waliovuka sitini kila mitatu. Wasomi wengine wanabishana. Mimi, kupitia mchakato shirikishi na upembuzi yakinifu, nimeumaliza ubishi: kinga itadumu muhula mmoja wa uongozi, na mkinichagua tena itajirefusha yenyewe! (Kicheko.) Na kwa Programu yangu ya Kliniki Tembezi, tumewafikia asilimia mia na nne ya wananchi...

(Sauti ya mwanamke: "Gintautas! Liudas wangu yumo humo?")

Huyo ni Bi Pranciška, mke wa bwana misitu wetu mstaafu. Maswali mwishoni, mama.

("Mwishoni lini? Si ulituambia tusihangaike kwenda mjini, gari litatufuata mlangoni? Nyongeza yake ilishapitiliza. Tukangoja, tukangoja, kupe hakungoja. Leo namlisha supu kwa kijiko, na jina langu limemtoka!")

(Mkurugenzi anapekua karatasi zake.)

Ofisi yangu inampa pole Bwana Liudas, na inamtambua kama mdau. (Miguno.) Ucheleweshaji ulitokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu, ambazo tumeziundia kamati, nayo kamati imeunda kamati ndogo, ambayo imeshakunywa chai. Basi semeni nami: kupe wa msituni!

("Chini!")

Kupe wa msituni!

("Na wa ofisini je?")

Nani huyo? Haya, nahitimisha. Nakishukuru kiwanda cha maziwa kwa kutuazima hili gari jeupe la kupigia picha, na fundi aliyelichorea msalaba kwa rangi ya kufutika, maana kesho linapeleka jibini. Nawashukuru wauguzi wetu, watakaoajiriwa pindi nafasi zao zitakapobuniwa. Na nawashukuru zaidi ninyi, wananchi, kwani bila subira yenu Kliniki Tembezi isingeweza kutimiza miaka minne ya mafanikio pasipo kuwepo.

(Basi la mjini linapiga honi. Bi Pranciška anapanda, wanakijiji wanamfuata, wengine wakikunja mikono ya mashati.)

Jamani, bado wimbo! Mnakwenda wapi?

("Kwa daktari! Hiyo chanjo yako ya maneno jichanje mwenyewe!")

Dereva! Dereva, ngoja kwanza! Nisogezeeni nafasi, kinga yangu iliisha mwaka juzi!