Sombe ya Victorine

Jumatatu, 2 Machi 1953. Kasongo.
Fizi zinatoka damu tena. Sumaili, muuguzi, ameniuliza ninakula nini. Nikamjibu kwa fahari: mkate, chai, sardini za kopo. Akasema ugonjwa ndio huo! Nile majani, mapapai, maembe. Nani atanipikia? Mke wangu Victorine yuko kwao Lusangi tangu niliposema mbele ya wageni kwamba sombe, haya majani ya muhogo ya kutwanga, ni chakula cha washenzi. Lakini ilinibidi! Mimi ni karani, naomba kadi ya ustaarabu, ile wanayopewa Waafrika wanaoishi kizungu, na Wazungu hukagua mpaka meza ya mtu.

Jumanne.
Nimenunua majani ya muhogo, nikayaficha ndani ya koti. Nikafunga madirisha, nikatwanga mwenyewe. Mjinga mimi! Mlio wa mchi haufungiwi mlango. Jirani yangu Gaston, fundi cherehani, akapiga hodi, anataka kumsalimia Victorine, akidhani amerudi. Nikasema amelala. Akauliza basi nani anatwanga. Mtaa mzima unacheka: mwanaume na kinu! Na sombe yenyewe chungu.

Jumatano.
Mke wa Gaston anapika majani ya lengalenga kwa mawese. Nimesimama uani nikinusa kama mbwa. Namkumbuka Victorine, anavyoonja mchuzi kwenye kiganja, kisha ananionjesha na mimi. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimemtuma Musafiri, dereva wa lori la pamba, akamwambie ninakufa.

Ijumaa.
Amekuja! Na kikapu: sombe, matembele, maembe. Ametwanga, na mtaa mzima umesikia. Wasikie! Nimekula sahani tatu. Akauliza kama huyu ndiye mutu wa kufa, akacheka. Nilikuwa na hamu sana ya kicheko hicho. Nimeapa sitaidharau sombe tena.

Jumamosi.
Balaa! Mzungu wa ukaguzi ameingia bila taarifa. Nikasukuma sufuria chini ya kitanda, nikafungua sardini. Akanusa, akauliza harufu hii nzuri inatoka wapi. Nikaogopa, nikasema kwa Gaston. Akaenda kwa Gaston! Amekula huko, amesifu sana. Victorine alikuwa mlangoni, amesikia yote. Amejitwika kinu, ameshika njia ya Lusangi. Hata kuniaga hakuniaga.

Jumapili.
Sardini. Damu. Kimya. Wanawake hawaeleweki.
Kesho namtafuta Musafiri. Safari hii amwambie nimeshakufa. Lazima atakuja kunililia, na msibani watu hupika.