Kisu cha Kukatia Fromaji

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba

Ninaanza kaye hii ya kuandikia siku zangu kwa sababu mutu asipoandika yaliyo moyoni, yatamtokea mdomoni. Na mdomo wangu umekwisha kuniponza vya kutosha.

Jambo lenyewe ni kisu. Kisu cha kukunja cha bibi yangu Léoncie, mama wa watoto wangu. Alipewa na kaka yake Habiyaremye, anayechunga ng'ombe kule Masisi, siku alipoanza kuuza fromaji hapa Mapendo, kwenye njia panda. Yeye anakata na kuuza. Mimi ninabeba beseni asubuhi, halafu ninasimamia. Kusimamia si kazi ndogo. Jua lote ni langu.

Ndani ya mpini kuna kiulimi cha chuma. Ukifungua kisu mpaka mwisho, kiulimi kinaingia nyuma ya bapa na kulia tak! Hapo kisu kimeshikwa, hata ukikandamiza hakijifungi. Lakini tangu mvua ikatike, vumbi jeusi la volkano limetuvamia, na mafuta ya fromaji yamelikaribisha vizuri. Vimeoana humo ndani. Kiulimi hakilii tena. Kinafika katikati, kinachoka.

Léoncie amenieleza kazi. Mswaki wa zamani. Maji ya moto na sabuni. Kusugua kwenye kiulimi na pale kisu kinapojikunjia. Kukausha kabisa. Halafu tone moja la mafuta ya mashini ya kushona. Tone moja, akaniambia, Papa Gisubizo, si kikombe! Mafuta niombe kwa Hilaire.

Hilaire! Fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara. Huyu ndiye aliyechukua ile solo yangu ya Pasaka kwaya ilipopiga kura. Kura kumi na tisa kwa moja. Ile moja ninaijua, ilikuwa yangu. Na bibi yangu ni mwanakwaya. Basi nimekaa na hesabu hiyo tangu Pasaka.

Nimwombe mafuta huyo? Afadhali nikaushe ziwa kwa kijiko. Nimepangusa kisu kwa shati. Kimeng'aa. Léoncie akauliza kama nimemaliza. Nikasema: tayari. Akasema aksanti, Mungu akubariki. Nikajibu amina.

Jumatano, tarehe 9

Léoncie analalamika eti kisu bado kinalegea. Nikamwambia kimezoea uchafu, kinahitaji muda wa kuzoea usafi. Alikifungua na kukifunga mara mbili. Lakini ni mama mwenye imani, akakubali.

Nikafikiri. Mafuta ni mafuta. Tena nyumbani tunayo yaliyo bora kuliko ya Hilaire: chupa ya mafuta ya upako, aliyoiombea pasta kwa ajili ya wagonjwa. Kisu nacho si mgonjwa? Nikakisomea Zaburi, nikamimina. Tone moja? Kwa imani ndogo hivyo? Nikamimina vifuniko vitatu.

Kikafunguka kwa utelezi, kama samaki! Nilikaribia kupiga vigelegele. Lakini kikajifunga vilevile, kama samaki. Na kufika saa sita mafuta yalikuwa yamekusanya vumbi lote la njia panda. Kila Léoncie alipokata, mstari mweusi ukabaki katikati ya fromaji. Mama Nasiba, yule mwenye chumba cha chai cha madereva, akainua kipande chake juu watu wote waone. Akauliza: Mama Gisubizo, siku hizi munauza fromaji ao munauza makala ya jiko?

Watu wakacheka. Hilaire naye alicheka, na sindano mdomoni. Sikumtakia mabaya. Nilitazama tu ile sindano.

Alhamisi, tarehe 10

Leo nimetumia akili. Nimepasua suruali yangu ya Jumapili kwa makusudi, ili nipate sababu ya kuingia kwa Hilaire. Mafuta yake yako kwenye kikopo kidogo chenye mdomo mrefu, kando ya mashini. Akigeuka kutafuta uzi, namimina kidogo kwenye kifuniko cha soda, natia mfukoni, natoka. Si kuiba. Yeye mwenyewe husema kanisani kwamba vyote ni vya Bwana.

Nilimwambia imenaswa na msumari. Kwanza aliishika suruali, akaigeuza, akauliza ni msumari gani huu unaopasua nguo kwa unyoofu kama mkasi. Nikasema misumari ya siku hizi. Akageuka kutafuta uzi. Nikamimina. Nikatia mfukoni. Kifuniko kikalala ubavu humo mfukoni.

Mafuta yakashuka pajani polepole, baridi, mpaka kwenye soksi. Hilaire akageuka. Akatazama paja. Akasema joto la leo ni kali kweli, muzee, hata mifuko inatoka jasho. Halafu akashusha sauti. Akasema mafuta ni ya kuomba tu, Papa Gisubizo. Leta na kisu chenyewe, nifungue skrubu, nikisafishe, mama yetu asije akajikata.

Nikamuuliza: kisu gani? Sisi kisu chetu ni kizima. Petro alikana mbele ya moto na maadui. Mimi nimekana mbele ya mashini ya kushona.

Nyumbani nimeukamua ule mfuko juu ya kisu. Mafuta yametoka. Zimetoka pia nyuzi, unga wa karanga, na kitu ambacho sikukitambua. Vyote vimeingia ndani ya mpini.

Ijumaa, tarehe 11

Leo kisu kilimkunjikia Léoncie akikata. Aliwahi kutoa vidole, kikamkwaruza ukucha tu. Akautazama ule ukucha. Akasema jioni atakipeleka mwenyewe kwa Hilaire.

Kaye yangu, nilitoka jasho la kweli. Hilaire akifungua ule mpini, ataona vumbi la mwezi mzima. Na ile tayari yangu ya Jumatatu italala mezani pake uchi kabisa. Nikamwambia haraka: usisumbuke, mama. Nina fundi wangu wa visu huko Munigi, anaitwa Damascène, kisu hakimshindi. Jina lilikuja lenyewe.

Nikashika njia ya Munigi, ili uongo usiwe mwingi. Nilifika kwenye kona ya tatu. Nikakaa juu ya jiwe, nikaomba. Nikamwambia Bwana: unaona hali yangu. Mfukoni nikagusa kiberiti. Nikaelewa nimejibiwa! Nikavunja njiti moja, nikaibana kwa jiwe dogo kando ya kiulimi, kisirudi nyuma. Kikashika. Nikakandamiza. Kikashika! Nikabaki pale saa moja zaidi, kwa sababu fundi mzuri hamalizi haraka.

Léoncie alikijaribu, akakisifu. Akasema yule Damascène ana mkono. Akaniita muzee wangu, akaniwekea maharage na kipande cha fromaji kikubwa kuliko cha siku zote. Nilikula kwa shida. Nilikimaliza.

Jumamosi, tarehe 12

Leo ninaandika kidogo.

Mama Nasiba alitaka fromaji nzima, igawanywe mara nne. Ilikuwa ya zamani, kavu, ngumu kama mlango. Nilikuwa nimesimama upande, ninasimamia. Léoncie akaweka uzito wake wote juu ya kisu. Nikasikia njiti ikivunjika. Sauti ndogo tu. Halafu nikamsikia akivuta pumzi, na hakuitoa.

Kisu kilijifunga juu ya vidole viwili vya mkono wa kuume. Fromaji ilikuwa nyeupe.

Mama Nasiba alivua mtandio wake, akafunga mkono. Hilaire aliruka barabara na utepe wa kupimia ukiwa shingoni, akasimamisha moto, pikipiki ya kukodi, akampandisha bibi yangu. Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Sijui kwa nini niliona beseni ndilo la kushikwa.

Muuguzi ameshona nyuzi saba. Amesema kidole cha kati huenda kisikunjike tena vizuri. Ni mkono wa kukatia. Ni mkono wa kusukia nywele za wajukuu. Léoncie hakulia. Aliufungua mkono wa kushoto, akanionyesha kipande cha njiti ya kiberiti. Akauliza hii ni nini.

Nikasema ni mbinu ya fundi Damascène.

Akasema basi nimwite fundi Damascène.

Nikasema amesafiri, amekwenda mji wa Kiwanja.

Akasema ni vizuri, mutoto wetu Gisubizo ameolewa Kiwanja, atampigia simu amtafute.

Nikasema Kiwanja ni kubwa.

Jumapili, tarehe 13

Kanisani Léoncie hakuweza kupiga makofi. Alipiga paja kwa mkono wa kushoto, nyuma kidogo ya wengine. Sikuweza kuimba.

Baada ya ibada Hilaire alikuja nyumbani. Aliomba kisu, sahani, mswaki na maji ya moto. Akafungua skrubu. Léoncie akasema atumie sahani nyeupe. Akaitumia nyeupe. Vikatoka: tope jeusi la mafuta, nyuzi za suruali yangu, karanga, nusu ya pili ya njiti. Léoncie alivitazama kimoja kimoja, kama mutu anayesoma barua.

Hilaire akasugua, akasuuza, akakausha mpaka ndani kwa kitambaa chembamba. Tone moja. Akafunga skrubu, akafungua kisu. Tak! Akageuza mgongo wa bapa, akaukandamiza polepole kwenye ukingo wa meza, vidole vyake mbali na njia. Kisu hakikusogea. Akasema ndivyo kinavyopimwa kila asubuhi, mama, kabla ya kukikatia. Nilitazama saa. Dakika kumi na moja. Mimi nilitumia siku tano.

Aliondoka bila kucheka. Afadhali angecheka.

Nikamwambia Léoncie yote. Shati, upako, mfuko, jiwe la njia ya Munigi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kidole ni nyama, kitafunga. Lakini wewe ukiniambia tayari, Papa Gisubizo, mimi ninashika kwa nguvu yangu yote. Sasa nitashika vipi?

Nilipiga magoti pale pale, nikaapa mbele ya Mungu na mbele yake kwamba neno la uongo halitatoka tena kinywani mwangu. Nimelia. Ninaandika na macho yamevimba. Mimi ni mutu mpya.

Jumanne, tarehe 15

Jana sikusema uongo hata mara moja. Nililala kutwa, lakini inahesabika.

Leo zamu ya kidonda. Muuguzi alisema kiwe kinaoshwa kwa maji yaliyochemka kabisa, yakaachwa yapoe, na chumvi kidogo. Kabisa, alirudia, akinitazama mimi. Kazi nimeiomba mwenyewe. Léoncie alifurahi. Alisema basi hiyo ni yako, muzee wangu, simpi mutu mwingine.

Asubuhi nilikwenda kuuza. Kisu kimefanya kazi vizuri, nimekisimamia. Mama Nasiba amenunua, amemtumia mgonjwa salamu na chapati tatu. Niliporudi nikakaa kidogo kivulini nimshukuru Mungu. Nilishukuru kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Sasa hivi Léoncie ameita kutoka chumbani. Mkono unamgonga, anasema, kama kuna moyo wa pili ndani yake. Anauliza maji yamekwisha kuchemka na kupoa?

Mbabula, jiko letu la makala, ni baridi. Makala bado yamo kwenye mfuko. Nimejibu: tayari.

Lilitoka lenyewe! Sikulituma.

Nimeangalia huku na huku. Kuna maji ya ndoo, yamekaa juani tangu asubuhi. Nimetia kidole. Yana uvuguvugu. Maji yaliyochemka yakipoa yanakuwaje? Vuguvugu. Basi! Nimeyamwaga kwenye bakuli safi, nimetia chumvi, nimeyaombea kwa bidii. Nimefunika na kitambaa, ili yaonekane yametoka motoni.

Hilaire ameniita kutoka ng'ambo. Anasema pasi yake ina makala yanayowaka, anaweza kuniletea sasa hivi tuchemshe maji ya mama. Nimemwambia asihangaike, yetu yamekwisha kuchemka zamani.

Naenda kumfungua bandeji. Yeye amekwisha kunyoosha mkono.