Mbuzi wa Gotu na Mahindi Yaliyochelewa

Kiwanjani, Isiolo,
20 Novemba 1984.

Kwa Bwana Mbae,
Mwenyekiti, Kamati ya Kuchunguza Kuchelewa kwa Mahindi ya Msaada.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: NANI WA KULAUMIWA

Salaam aleikum, au habari za kazi, pokea ile inayokufaa.

Mimi ni Arero Doyo, katibu wa Kamati Ndogo ya Ukame, upande wa Gotu. Nimepata barua yako ikinitaka nieleze kabla ya Ijumaa kwa nini mahindi ya ukame yalifika baada ya ukame kwisha. Nimepitia shajara yangu, ambayo sijakosa kuiandika hata siku moja tangu nimalize kidato cha nne, na mwenye makosa nimempata. Ni mbuzi.

Nakuomba usicheke, kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani kwangu. Tarehe 5 mwezi huu mke wangu Kabale alifunga vyombo vyake akarudi kwa mama yake Gotu. Alisimama mlangoni akasema: "Ng'ombe thelathini na mmoja wa mama wamebaki wawili. Siku mtu mmoja wa hiyo kamati yenu atafungua mdomo aseme 'ni mimi', nitarudi. Mpaka hiyo siku, jipikie." Nimejipikia siku kumi na tano. Kwa hiyo nahitaji mwenye makosa apatikane haraka, kwa maandishi na kwa muhuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbuzi alijua, akanyamaza. Jumamosi, 11 Februari, kulikuwa na karamu ya kumpa mtoto jina huko Gotu, na mbuzi mweupe akachinjwa. Mzee Molu, ambaye husoma matumbo ya mbuzi kama wewe unavyosoma gazeti, aliyatandaza juu ya ngozi, akayaangalia kwa muda mrefu, akasema: "Mvua ya Aprili haiji. Ambieni serikali ilete chakula mapema." Maana yake ni kwamba mbuzi huyo alikuwa na habari hizi miezi miwili kabla yetu sote. Hakuzipeleka kwa chifu. Hakuniletea mimi, ingawa asubuhi yote alikuwa amefungwa hatua tatu kutoka mahali nilipokaa. Alingoja achinjwe kwanza. Hakuna kamati inayoweza kufanya kazi na mtoa habari wa namna hiyo.

2. Hata aliposema, habari zake hazikukamilika. Fomu yetu ya kuomba chakula ina nafasi tisa za kujaza, na mbuzi alijaza moja tu, ile ya "Sababu". Nilimwuliza Mzee Molu kwa heshima zote ni magunia mangapi. Akanijibu mbele ya wageni: "Kijana, mimi nasoma mbuzi. Gunia soma wewe." Watu walicheka sana. Nimeandika majina yao.

3. Mvua nayo ina lake. Kanuni ya sita ya kamati yetu inasema kwamba anayekosa kufika mara tatu mfululizo bila kuomba radhi atahesabiwa amejiuzulu. Mvua haikufika Aprili, haikufika Mei, haikufika Juni, wala hatukupokea neno. Tarehe 2 Julai tulikutana tukakubali kujiuzulu kwake. Tulitumia mikutano minne kujadili nani achukue nafasi hiyo, na hakuna aliyeomba.

4. Ng'ombe walikufa bila mpango. Fomu inataka idadi ya ng'ombe walio hai siku ya kuandika. Kila nilipomaliza kuhesabu upande wa mto na kurudi upande wa barabara, idadi ilikuwa imeshuka, nikalazimika kuanza upya. Nilihesabu mara tano. Mwezi wa Agosti niliwasihi wachungaji wawazuie ng'ombe wasife hadi Ijumaa ili nifunge hesabu. Hawakushirikiana.

Hapo ndipo niliposhindwa na ng'ombe wa mama mkwe wangu. Fomu inataka jina la mwenye mifugo, na adabu yetu hairuhusu mkwe kumtaja mama mkwe kwa jina, sembuse kuliandika kwenye karatasi ya serikali. Niliacha nafasi wazi. Fomu ikarudishwa kutoka ofisi ya msaada: "Mwenye mifugo hajulikani." Nikaijaza tena, nikaacha wazi tena, kwa heshima ile ile. Ilirudi mara tatu. Kabale anasema heshima hiyo imeua ng'ombe ishirini na tisa. Nimemweleza kwamba angalau hawakufa kwa utovu wa adabu.

5. Tarehe 2 Novemba lori la dereva Guleid liliondoka mjini kuja Gotu na mahindi ya kwanza. Siku hiyo hiyo mvua, ambayo tulishaikubalia kujiuzulu, ilirudi bila kuomba kazi upya. Lori lilizama kwenye matope njiani siku tatu. Guleid alinituma nikuandikie hivi: "Chakula cha ukame kimezuiwa na mvua. Tafuteni fomu ya hiyo."

6. Najua utasema mbuzi amekufa na hawezi kuitwa mbele ya kamati. Nimelifikiria hilo. Mbuzi aliliwa na watu arobaini na wawili, kwa hiyo lawama yake sasa imo ndani yao, kila mmoja kwa kadiri ya nyama aliyokula. Orodha nimeiambatanisha. Mzee Molu ana kichwa. Kabale mwenyewe alikula ini, na ini si sehemu ndogo. Mimi nilipewa mbavu mbili. Niko tayari kusimama mbele ya mke wangu na kusema "ni mimi", kwa kiasi cha mbavu mbili, si zaidi.

Naomba basi kamati yako imtangaze mbuzi kuwa mkosaji na kunipa barua yenye muhuri, niipeleke Gotu kabla unga haujaniishia.

Nisalimie wajumbe wote, karani wako, na yule mama anayewapikia chai, ambaye sasa namwonea wivu.

Wako katika kazi,
Arero Doyo, Katibu.

Nakala: Bi. Kabale, Gotu.

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, nilifungua shajara ukurasa wa Jumatatu, 13 Februari, nikapata moja. Ndani yake mna barua ya Mzee Molu kwa ofisi ya msaada. Aliisema yeye, nikaiandika mimi, akatia kidole gumba. Inaomba magunia mia mbili kabla ya Aprili, na inataja ng'ombe wa mama mkwe wangu kwa jina lake, maana aliyelitamka ni Mzee na mimi niliandika nimefumba macho. Niliahidi kuifikisha siku hiyo. Ofisi iko dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu. Naona nilikuwa nangojea nambari ya kumbukumbu.

Tafadhali nakala ya Kabale ikomee kwenye sahihi.

Bahasha ilikuwa bado nzuri, ndiyo hii uliyoifungua. Barua ya Mzee nimeirudisha kwenye ukurasa wake, ili isipotee.