Ombi la Kutoshindanishwa na Viumbe vya Kompyuta

Kwako Shemeji Mkubwa,

Ni siku nyingi hatujaonana. Siku ya harusi yetu uliniambia neno likinishinda nikueleze wewe kwanza. Limenishinda.

Kama ujuavyo, dada yako kazini hufundisha wagonjwa waliovunjika miguu kutembea upya. Ni kazi ya heshima, sina neno nayo. Tatizo ni kwamba miezi miwili iliyopita binti yetu alimwekea mchezo kwenye kompyuta. Ni kama sanduku: mna sakafu, na ukiachia kitu kinaanguka kama huku kwetu. Humo unaunda viumbe kwa vijiti, bawaba na springi, unawaacha watembee. Wanaofika mbali wanazaa watoto wenye tofauti ndogondogo. Wanaobaki nyuma wanafutwa. Hivyo kizazi baada ya kizazi wanajua kutembea bila mwalimu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani dada yako akirudi kutoka kazini aliniuliza nimeshindaje. Siku hizi anapitiliza kwenda kuangalia wao wameshindaje.

2. Mmoja wao dada yako alimpa jina la Fundi, jina wanaloniita wateja wangu. Nilifurahi, sitaficha. Fundi alikuwa na miguu sita na hakutumia hata mmoja. Alikaa pale alipozaliwa, akitikisika. Juzi amemfuta, yeye na ukoo wake wote, kwa kubonyeza mara moja, nami nimekaa pembeni natunga uzi kwenye sindano. Nikamuuliza kosa lake nini. Akasema alipewa muda wa kutosha. Shemeji, tuna miaka kumi na tisa ya ndoa. Maneno yale sikuyapenda.

3. Viumbe wenyewe ni walaghai. Waliwekewa sekunde kumi, atakayefika mbali ndiye mshindi. Mmoja akaachana kabisa na habari ya miguu, akarefuka kama nguzo ya umeme, akajiangusha kifudifudi, kichwa chake kikafika mbali kuliko wote. Nilitegemea ataadhibiwa. Amezaa watoto arobaini.

4. Jumapili nilitoka kwenye cherehani kwenda jikoni, nikamkuta dada yako ameshika saa. Sekunde thelathini na nane. Akaziandika kwenye daftari. Nikamkumbusha goti langu; akasema goti hilo halina ugonjwa, lina mazoea. Binti yetu akaongeza kwamba wastani ni sekunde tisa. Mpaka leo sijui mwingine aliyepimwa ni nani.

5. Kwa hofu ya kufutwa, Jumatatu nikafuata mfano wa mshindi. Nilisimama wima, nikajiachia. Kichwa kilifika mlango wa jikoni kwa sekunde mbili. Meza ndogo imevunjika, na juu ya nyusi nina nyuzi tatu, zilizopigwa na daktari ambaye kwa mshono ule mimi nisingemwajiri. Dada yako alinihudumia kwa upole, nakiri. Lakini nilimsikia akimnong'oneza binti yetu kwamba baba ameanza kubadilika.

Kwa hiyo naomba uje Jumamosi uitishe kikao. Dada yako atamke mbele yako kwamba nafasi ya mume haishindaniwi. Kompyuta iondolewe; ikishindikana, nipewe hati kwamba kwangu mimi vizazi vimefika mwisho, sifutwi.

Msalimie mkeo na watoto wote. Na yule jirani yako wa mkongojo, mwambie asithubutu kukanyaga kwetu, atapimwa kwa saa.

Mimi, ambaye hadi sasa bado nipo,
Mume wa Dada Yako

Nyongeza: Baada ya kuandika haya, dada yako akiwa kazini, niliwasha kompyuta ili niwafute wote kabla hujafika. Nikamwona mmoja anachechemea. Bawaba yake imevutwa upande kama bega la koti lililokatwa vibaya. Nikailegeza kidogo tu, kama fundi. Akatembea. Shemeji, akatembea kwa miguu, hatua kumi na moja, hakuanguka. Sasa tuko kizazi cha themanini na vitukuu wake wanaruka viunzi. Wale wengine mia mbili nimewafuta, walikuwa wanatuzibia njia. Jumamosi usije, sina nafasi. Na dada yako akikupigia simu kwamba nimemnyima kompyuta, mwambie malalamiko huletwa kwa maandishi.